Yosefu, Baba Aliyetii Bila Kusema Neno

Mafundisho ya redio kwa jamaa za Kikristo
Masomo: Mathayo 1:18-25, Mathayo 2:13-23, Luka 2:41-52

 

Tunawasalimu ninyi mlioko nyumbani kando ya moto, ninyi walinzi wa usiku wenye redio ndogo sikioni, ninyi wagonjwa mlio kitandani, na ninyi mnaolala katika kambi kwa sababu vita viliwatoa kwenye mashamba yenu. Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi.

Leo tunasema na akina baba. Akina mama, msiende mbali na redio, kwa maana neno hili linawahusu pia. Na ninyi vijana mnaotafuta mchumba, sikilizeni vizuri, kwa sababu mambo haya yalimpata mtu aliyekuwa bado hajamleta bibi yake nyumbani.

Chukua Biblia yako, utafute maneno ya Yosefu, mume wa Maria. Zakaria alisema, Elisabeti alisema, Maria alimwimbia Mungu. Mzee Simeoni alimpokea mtoto mikononi akasema. Hata Herode maneno yake yameandikwa. Lakini Yosefu? Soma Mathayo, soma Luka, hutapata hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Tunayoyajua juu yake ni yale aliyoyafanya.

Sisi Wapentekoste ni watu wa sauti, na hilo si kosa. Siku ya Pentekoste yenyewe ilianza kwa uvumi kutoka mbinguni. Tunaomba kwa sauti, tunashuhudia kwa sauti, tunapiga ngoma mpaka majirani wanajua kwamba ni siku ya Bwana. Lakini iko imani nyingine ambayo jirani haisikii. Mke anaiona saa kumi na moja ya asubuhi. Watoto wanaiona wakati chakula hakitoshi na baba anasema yeye ameshiba. Imani hiyo ndiyo Mungu aliyoitafuta alipotaka mtu wa kumlelea Mwana wake.

Jambo la kwanza: Yosefu alikuwa na haki ya kumwaibisha Maria, naye hakuitumia.

Tuelewe hali yake. Maria alikuwa ameposwa. Kwa Wayahudi, kuposwa lilikuwa agano zito, kama kwetu pale mahari yamekwisha kupokelewa na jamaa zote mbili zinajua, ila bibi arusi bado hajafikishwa kwa bwana wake. Kuvunja agano hilo kulihitaji hati ya talaka. Na Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilikuwa na hukumu ya kifo kwa msichana aliyeposwa kisha akalala na mwanaume mwingine mjini. Yosefu anaambiwa kwamba mchumba wake ana mimba, na anajua kwamba mimba hiyo si yake.

Ndugu, hapo wengi wetu tungeita wazee. Tungedai ng'ombe zirudishwe. Tungesema mbele ya kanisa zima. Yosefu alifanya nini? Mathayo anasema alikuwa mtu wa haki, na kwa sababu hiyo alitaka kumwacha kwa siri ili asimfedheheshe. Angalia vizuri: malaika alikuwa bado hajaja. Ndoto ilikuwa bado. Alifikiri kwamba amekosewa, na hata hivyo alilinda heshima ya yule aliyedhani amemkosea.

Neno hili lina uzito katika nchi yetu. Miaka hii yote ya vita, wako mama zetu na dada zetu waliotendewa ubaya na watu wenye silaha. Wengi walitibiwa katika hospitali ya Panzi, pale Bukavu, hospitali iliyoanza mwaka 1999 chini ya jumuiya yetu ya makanisa ya Kipentekoste, CEPAC. Madaktari walishona vidonda vya mwili. Lakini wako waliorudi nyumbani wakakuta mume amekwisha kufunga mlango. Wengine walirudi na mtoto mgongoni, na mtoto huyo akapewa jina la matusi kijijini.

Tusichanganye mambo. Mimba ya Maria ilikuwa ya Roho Mtakatifu, na hakuna nyingine kama ile. Lakini moyo wa Yosefu ni mfano kwetu. Ikiwa mtu wa haki alikataa kumwaibisha mwanamke aliyedhani amekosa, wewe utamwaibishaje mke wako ambaye hakukosa lolote, ambaye alikosewa? Baba, aliyemtendea ubaya ni yule mwenye silaha. Usiongeze jeraha la pili kwa mkono wako.

Jambo la pili: Yosefu alimpa mtoto jina.

Malaika alimwambia Yosefu mambo mawili: amchukue Maria awe mke wake, na yeye Yosefu ampe mtoto jina, Yesu. Kwa nini jina litolewe na Yosefu? Kwa sababu kwa desturi yao, mwanaume aliyempa mtoto jina amemkubali mbele ya watu kuwa wake. Kwa njia hiyo Yesu aliingia katika ukoo wa Daudi, kwa maana Yosefu alikuwa wa nyumba ya Daudi. Mtoto hakutoka katika mwili wa Yosefu, lakini alipata jina, ukoo na nyumba kwa kutii kwake Yosefu. Ndiyo maana watu wa Nazareti walimwita mwana wa seremala. Na Maria alipompata hekaluni alimwambia kwamba yeye na baba yake walikuwa wakimtafuta. Maria alimwita Yosefu baba. Hakuweka neno lingine mbele yake.

Wapendwa, hata sheria ya jamaa ya Kongo, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka kila mtoto Mkongomani awe na baba, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Inataka pia kuzaliwa kwa mtoto kutangazwe kwa serikali katika siku 90. Sheria ya watu inasema hivyo. Je, mtu aliyebatizwa atabaki nyuma ya sheria?

Kwa hiyo ninakuuliza, baba unayesikiliza: watoto wako wote wameandikwa? Yule aliyezaliwa kabla hujaokoka, anayelelewa na bibi yake upande wa mama, unamjua? Unamtumia hata daftari? Wokovu haukufuta ubaba wako. Kama mama yake hukumwoa, nenda pamoja na wachungaji na wazee wa jamaa, mfanye jambo hilo kwa adabu. Lakini mtoto asitembee duniani bila jina la mtu wakati wewe unaimba kwaya.

Na wewe uliyeoa mwanamke mwenye mtoto, usiweke sahani mbili nyumbani, moja ya watoto wako na moja ya mtoto wa mwingine. Mwokozi wako alikula katika sahani ya mtu ambaye hakumzaa.

Jambo la tatu: ndoto za Yosefu zilimpa kazi, na kazi hiyo ilikuwa kumlinda mtoto.

Mathayo anatuandikia ndoto nne za Yosefu. Ya kwanza: mchukue Maria. Ya pili: ondoka, umpeleke mtoto na mama yake Misri. Ya tatu: rudi katika nchi ya Israeli, kwa maana Herode amekufa. Ya nne ilimwonya kuhusu Uyahudi, ambako Arkelao mwana wa Herode alikuwa akitawala, naye akaenda Galilaya, akakaa Nazareti.

Katika hizo zote, hakuna ndoto iliyompa Yosefu cheo. Hakuna iliyompa pesa. Kila moja ilimwongezea mzigo, na kila moja ilikuwa kwa faida ya mama na mtoto.

Hapa tuseme wazi, kwa sababu ni jambo linaloharibu nyumba nyingi. Katika miji yetu wako watoto waliofukuzwa kwa sababu mtu fulani aliota, au mtu anayejiita nabii alisema, kwamba mtoto huyo ni mchawi na ndiye anayezuia baraka za baba. Wengi wa watoto hao ni yatima au watoto wa mke wa kwanza. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwashtaki watoto uchawi. Lakini hata bila Katiba, pima kwa Maandiko. Ndoto zilizotoka kwa Mungu zilimfanya baba amchukue mtoto mikononi na kukimbia naye. Anayekutuma umtupe mtoto njiani, sauti yake haifanani na ile aliyoisikia Yosefu. Inafanana na ile ya Herode.

Tazama pia saa ya kutii. Yosefu aliambiwa usiku, na usiku uleule aliondoka. Ninyi wa Masisi, wa Kalehe, wa vilima vya Uvira, hamhitaji mtu wa kuwaeleza aya hiyo. Mmekwisha kuishi ndani yake. Mnajua ni nini kumwamsha mtoto gizani, kumfunga mgongoni, kuchukua sufuria moja na kuacha mbuzi. Mnajua baba anavyotembea mbele akijifanya kwamba haogopi. Yesu naye alibebwa hivyo. Bwana wa utukufu alikuwa mkimbizi, na usalama wake duniani ulikuwa mikononi mwa baba aliyekubali kuamka.

Basi usidharau ubaba wako kwa sababu umepoteza shamba. Yosefu kule Misri alikuwa mgeni. Alipompeleka mtoto hekaluni, sadaka waliyotoa ilikuwa ndege wawili, na kwa Torati hiyo ilikuwa sadaka ya mtu asiyeweza kununua mwanakondoo. Alikuwa maskini, naye Mungu alimwamini.

Jambo la nne: mtoto hujifunza kutii akimwona baba anayetii.

Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili, walimtafuta siku tatu. Walipomkuta, aliwajibu kwamba imempasa kuwa katika mambo ya Baba yake. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Yesu yaliyoandikwa katika Injili ya Luka, na ndani yake liko neno Baba. Fikiri moyo wa Yosefu akisikia hivyo mbele ya walimu. Aliyetafuta kwa siku tatu anakumbushwa kwamba mtoto ana Baba mwingine aliye juu. Hakukasirika, au kama aliumia, Maandiko hayakusema. Walirudi pamoja Nazareti, na Luka anasema Yesu aliendelea kuwatii. Mwana wa Mungu alimtii seremala.

Baba, watoto wako si wako mwisho wote. Wana Baba aliye mbinguni, na kazi yako ni kuwafikisha kwake. Utawafikisha kwa kutembea nao. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Ameeleza mwenyewe kwamba akiwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kuwaombea wagonjwa, na hapo ndipo moyo wa kuwa daktari ulipozaliwa ndani yake. Yule mchungaji alikuwa anakwenda tu kuomba. Mtoto alikuwa kando, anatazama.

Wako wanaotazama kwako pia. Seremala unayechonga chukudu, mtoto anaona kama unaweka mbao nzuri au mbovu kwa mteja asiyejua. Wewe mwenye duka, anaona mizani yako. Wewe mwalimu, wewe askari, anasikia unavyosema na mama yake mlango ukifungwa. Mahubiri hayo hayana maikro, lakini ndiyo atakayokumbuka.

Baada ya safari ile ya Yerusalemu, hatumkuti tena Yosefu katika habari. Pale Kana hatajwi. Pale msalabani hatajwi, na Yesu akamweka mama yake mikononi mwa mwanafunzi. Tunaweza kufikiri kwamba alikuwa amekwisha kulala. Hakuna mahali tunaposoma kwamba aliona kipofu akifunguliwa macho, au mkate ukiongezeka. Alifanya kazi yake, alimfundisha mtoto ufundi, kisha akaondoka kimya. Lakini Yesu alipowafundisha wanafunzi kuomba, neno alilolichagua kwa Mungu ni Baba.

Kwa hiyo juma hili, kila baba afanye mambo matatu. Kwanza, ikiwa kuna mtoto ambaye hujamkubali au hujamwandikisha, anza safari ya kumkubali. Pili, ikiwa kuna neno la aibu ulilomtupia mke wako mbele ya watu, nenda umwinue mbele ya watu haohao. Tatu, usiku mmoja kabla ya kulala, zima simu, kaa na watoto, uombe ukitaja jina la kila mmoja. Hata kama huna maneno mengi. Yosefu hakuwa nayo.

Na ninyi mliokulia bila baba, na ninyi akina mama mnaobeba nyumba peke yenu, Mungu aliyemtafutia Mwana wake mlezi hajasahau mlango wenu. Na kanisa lisikie: mtoto asiye na baba katika ibada yetu ni mzigo wetu sote.

Tuombe. Baba yetu, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako Yosefu. Utupe masikio ya kusikia usiku na miguu ya kuondoka usiku uleule. Ponya nyumba zilizovunjwa na vita. Rudisha baba waliokimbia watoto wao. Uwafunike watoto walio njiani usiku huu, uwape mtu wa kuwaita kwa jina. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Bwana awabariki, na usiku uwe mwema kwenu.