Una Nini Nyumbani?

Wapendwa wa upande huu na upande ule wa mpaka, karibuni. Mmeimba vizuri na mmependeza. Sasa naomba tuongee habari ya hizo nguo.

Tufungue 2 Wafalme 4, mstari wa 1 hadi wa 7. Huyu mama ni mjane wa mtumishi. Mumewe alimcha Bwana, na bado alikufa akaacha deni. Kwa hiyo usikimbilie kumwambia mwenye deni kwamba hana imani. Aliyemdai alikuwa anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha akamuuliza, nyumbani una nini? Alikuwa na mafuta kidogo, basi. Na angalieni, alitumwa kwa majirani kuazima vyombo. Vyombo vitupu! Hakutumwa kuazima pesa.

Sisi watu wa mpakani tuna laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania. Kwa biashara ni baraka. Lakini wengine wana deni huku na deni kule, wanakopa hapa walipe pale. Halafu mtu anasimama kutoa ushuhuda: Bwana ameniinua, limiti yangu imepanda! Mpendwa, limiti siyo mapato. Ni mbuzi ameongezewa kamba.

Hebu tupige hesabu. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Tuchukue kiwango hicho. Mama anauza mboga, faida yake ni shilingi 400 za Kenya kwa siku, na Jumapili hauzi. Kwa siku 26 anapata 10,400. Sherehe imefika: sare 1,800, nauli 1,200, mchango wa chakula 1,000, bahasha ya mgeni 1,000. Jumla 5,000, na yote amekopa. Atarudisha 5,375. Zaidi ya nusu ya faida ya mwezi imekwenda, kodi hajalipa, watoto wanataka kula. Atafanyaje? Atakopa tena. Akizungusha hivyo mwaka mzima, ada peke yake ni 4,500, na ile 5,000 bado anadaiwa.

Hapa viongozi wenzangu mnivumilie. Sare ikitangazwa wiki tatu kabla, na asiye nayo anaambiwa asipande na kwaya, huyo mama anasukumwa kwenye simu. Jina likiitwa kwa kipaza sauti ataje ahadi, naye atataja. Atafanya nini mbele ya watu wote? Lakini 2 Wakorintho 8:12, Paulo anapima utoaji kwa kile mtu alicho nacho. Asichokuwa nacho hadaiwi. Sadaka ya mkopo mimi siioni mahali pake.

Naomba kamati ya mwakani itangaze sare Januari. Mtu akiweka 200 kila mwezi kwenye chama au kikoba, kwa miezi tisa ile 1,800 imetimia bila ada ya mtu. Na mwenye kitenge cha mwaka jana avae hicho hicho, asimame mstari wa mbele.

Nyumbani, baba na mama onyeshaneni simu. Najua, wengine mmeinama. Deni linalofichwa ndilo linalokuja kugonga mlango usiku, na mwenzako hajui hata anayegonga ni nani. Andikeni kwenye daftari kinachoingia na kinachotoka, hata cha soda. Yule mjane alipouza mafuta aliambiwa alipe deni kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Siyo waishi kwanza, halafu walipe kikibaki.

Baada ya chakula nitakaa pale kwenye mwembe, pamoja na mama mmoja mweka hazina anayejua hesabu kuliko mimi. Mwenye mkopo aje na simu zake zote mbili na kalamu. Waliooana waje wawili. Hatutauliza jina la kanisa lako, na hakuna kipaza sauti.