Kidingapopo na Maji ya Mtungini

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Maradhi yanayonenwa hapa ni homa ya dengi, iliyoitwa na Waswahili wa zamani kidingapopo; na wengi hudhani ya kuwa hata jina la dengi lilitokana na neno hilo. Unguja ilipatwa na homa ya jina hilo mwaka 1823, na tena mwaka 1870. Tabibu James Christie, aliyekaa huko, aliandika jinsi ilivyowaangusha watu kwa maumivu ya viungo, kisha ikavuka bahari hata Aden na Bara Hindi. Wataalamu wa leo huona huenda ile ilikuwa chikungunya, nduguye dengi. Kwani hufanana, na mbu wao ni mmoja.

Mbu huyo ni mweusi, mwenye mistari myeupe miguuni. Huuma mchana; basi ategemeaye chandarua cha usiku peke yake hajajikinga. Hapendi matope, bali maji safi yaliyotuama: mtungi, pipa, birika la kutawadhia, kifuu cha nazi, mpira wa gari uliotupwa. Wala haruki mbali. Amwumaye mtu, aghlabu amezaliwa nyumbani mwake au kwa jirani yake.

Dar es Salaam ilipatwa mwaka 2010, 2014 na 2019. Wala bara si mbali na pwani: msafiri hufika kwa basi na homa ingali damuni mwake, mbu wa huku akamwuma, kisha akawauma wengine. Mwaka 2024 wagonjwa walioandikwa duniani walizidi milioni 14.

Homa huja ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa, ya nyuma ya macho na ya viungo. Wengi hupona. Lakini hatari yaja pale homa inaposhuka, jamaa wakishukuru: tumbo likiuma sana, au mgonjwa akitapika mfululizo, au fizi zikitoka damu, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojewe kesho. Asipewe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu. Na aliyepona asijione salama: dengi ni namna nne, na ya mara ya pili yaweza kuwa kali zaidi.

Kumwaga maji hakutoshi. Mayai ya mbu hugandama ubavuni mwa chombo, hukaa makavu miezi, na maji yakirudi huanguliwa. Hapana budi chombo kisuguliwe kila juma, kisha kifunikwe. Yafaa basi kila Ijumaa, kabla ya kwenda kuswali, kila nyumba isugue vyombo vyake. Na vijana wa chama waanze na birika la msikiti. Haki ya jirani yajulikana na kila Muislamu: aachaye mtungi wazi hajidhuru nafsi yake tu, bali humfugia jirani mbu wa kumwuma mwanawe.

Wabillahi tawfiq.