Kalamu za Watoto Wetu

Tumepewa nafasi ya kunena habari za shule katika mwaka huu wa jubilei, nasi tumeona afadhali tusinene habari za majengo, maana majengo kila mtu ayaona kwa macho yake. Twataka kunena juu ya yale mtoto ayaandikayo kwa maneno yake mwenyewe, wala si yale aliyoyanakili ubaoni.

Jambo hili lina asili yake huku kwetu. Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichohamia Minaki katika vilima vya Kisarawe mwaka 1925, kilikuwa kwanza Kiungani, kisiwani Unguja. Wengi wa wavulana wa siku za mwanzo pale walikuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa yaliyokamatwa baharini na manowari za Kiingereza. Walifika hawana baba wala mama, kila mmoja na lugha ya kwao, wakajifunza Kiswahili pamoja. Kisha wakaandika habari za maisha yao: jinsi walivyokaa kwao, jinsi walivyokamatwa, jinsi walivyouzwa mkono kwa mkono hata wakaiona bahari. A. C. Madan, yule yule aliyetunga kamusi, akazifasiri, zikatoka London mwaka 1887 katika kitabu kiitwacho Kiungani.

Fikirini, ndugu. Mtoto aliyekwisha kupimwa bei kama mzigo wa pembe apewa kalamu na karatasi, aambiwa aseme aliyoyaona yeye. Kwetu sisi huo ni wema mkubwa kuliko nguo na chakula, ingawa nguo na chakula vilimpasa pia. Neno moja tu latusikitisha: kitabu kile kilitoka kwa Kiingereza, na watu wa Ulaya wakayasoma maneno ya watoto hao kabla ya watu wa pwani. Lakini mwaka 1888 Kiungani wakaanza kupiga chapa gazeti dogo la Kiswahili, jina lake Msimulizi, na habari zikaanza kusomwa na wenyewe.

Sasa twaja kwa watoto wa leo. Katika darasa moja la nne, upande wa Kisarawe, tulikaa nyuma asubuhi moja na kutazama. Mwalimu aliwataka watoto waandike habari za mti mmoja ulio nyumbani kwao. Karibu wote waliandika vile vile: mwembe ni mti, mwembe una faida nyingi, faida ya kwanza ni kivuli. Hatuwalaumu, ndivyo walivyozoea. Mmoja aliandika habari za mkorosho wa babu yake. Alisema babu haoni tena, lakini zikiokotwa korosho huzihesabu kwa vidole, wala hakosi hata moja. Na kwamba siku ambazo mjukuu yupo shuleni babu hukaa na kiu hata saa nane, maana mtungi u mbali naye.

Mwalimu alimwuliza kwanza kwa siri kama yafaa kuisoma mbele ya wenzake. Akakubali. Iliposomwa darasa lilinyamaza, na msichana mmoja akauliza, “Kwani nyumba yenyewe iko wapi?” Jumamosi yake watoto tisa walikwenda na ndoo. Mwalimu alisahihisha tahajia baadaye, nasi twaona mpango huo ndio ulio sawa. Juma la tatu walikwenda wanne tu. Hakuwakemea waliobaki.

Mzazi mmoja alilalamika, akasema hakumpeleka mwanawe shuleni kuchotea maji wazee wa watu. Neno lake si la kupuuzwa. Watoto wetu wamechota maji mengi na kulima mashamba mengi ya wakubwa kwa jina la adabu, pasipo kuulizwa. Wema ukiamriwa kwa kengele hugeuka kibarua. Wale tisa walikwenda kwa sababu walimsikia mwenzao, na hapo ndipo penye tofauti.

Lakini, walimu, tahadharini. Si kila aliloandika mtoto ni la kusomwa mbele ya watu. Mtoto akiandika kwamba kwao wamelala na njaa, au kwamba apigwa usiku, karatasi hiyo haibandikwi ukutani, wala haizungumzwi chumba cha walimu kama kichekesho. Funga daftari, kisha ufanye shauri na mwalimu mkuu na wanaohusika na ulinzi wa mtoto siku ile ile. Mtoto amekuamini; hana mwingine wa kumwandikia.

Wengine mtatuambia, darasa lina watoto 80, mwalimu atasoma lini? Ni kweli, na tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa madarasa yamejaa, jambo ambalo hatulijutii. Basi wasomeane wawili wawili, na mwalimu achukue madaftari kumi kwa siku. Mtoto ajuaye kwamba jirani yake atasoma hufuta na kuandika tena bila kuambiwa. Kizazi cha bibi zetu kilijifunza hivyo kwa vitendawili: mmoja atega, mwingine afikiri, wala hapakuwa na kalamu nyekundu.

Walimu wa Kibaha mna bahati yenu. Mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Norwei, Uswidi na Ufini, ukakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, umewaachia Shirika la Elimu na maktaba yake. Wapelekeni watoto waone kwamba kila kitabu rafuni kiliandikwa na mtu. Kisha rudini darasani, shoneni karatasi zao kwa uzi na sindano, mtie jalada la boksi, kiwe kitabu cha darasa.

Twaomba kila shule ilete kitabu kimoja cha namna hiyo kabla ya kufunga mwaka wa jubilei. Uandishi mbaya usiwatie haya, wala msiwaandikie watoto upya. Vitawekwa mezani penye kivuli, na wazazi wataketi kuvisoma; asiyejua kusoma atasomewa na mwanawe.