Kamera ya Ghalani na Poti Iliyoachwa Wazi

 Msimu wa kahawa ukikaribia Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo, mafundi wa kamera nao hupata kazi. Mwenye ghala la kahawa ya maganda anataka, hata akiwa Mwanza, aone kwenye simu yake nani anaingia. Fundi anafunga kamera, anafungua poti mbili kwenye ruta, picha inaonekana, analipwa, anaondoka. Nenosiri la kiwandani, lile "admin", halijaguswa.

Poti ni namba inayoelekeza mawasiliano yaende kwenye huduma ipi ndani ya kifaa, na zinafika hadi 65,535. Iliyo wazi upande wa intaneti humpokea yeyote anayebisha hodi. Wanaobisha ni programu zinazozunguka dunia usiku na mchana. Hazijui Kyerwa iko wapi, wala hazina haja ya kujua. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilipitia poti namba 23, kikijaribu orodha fupi ya manenosiri ya kiwandani, kikateka mamia ya maelfu ya kamera na ruta. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikaishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti kubwa, na Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Kamera za ulinzi, hizo!

Anayetumia ruta ya laini ya simu mara nyingi ana nafuu: kampuni huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na mtu wa nje hamfikii kirahisi. Aliyelipia anwani yake mwenyewe kwa ajili ya kamera hana nafuu hiyo.

Kukagua kunawezekana. Fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1. Tazama poti zilizoelekezwa ndani. Isiyo na kazi, ifute. Zima UPnP, maana huruhusu kifaa kujifungulia poti bila kukuuliza. Kisha fundi apime kwa programu ya Nmap, akiwa kwenye bando lake, nje ya mtandao wako. Apime wako tu: kuingia kwenye mfumo wa mwenzako bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Nawe fundi unayenisikiliza hapo Isingiro: kabla hujapokea hela, badilisha nenosiri mbele ya mwenye mali, na umwachie kwa maandishi kila poti uliyoifungua.