TUHESABU KABLA YA KUNUNUA SIMU

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja, kibarua wa mjengo, katika mkutano wa tawi, Rongo)



Katibu aliponiomba niseme mbele yenu, nilimwambia mimi si msemaji. Akanijibu kuwa hakutaka msemaji, alitaka mtu aliyenunua simu akajuta. Basi hapo sikuwa na la kukataa. Mtu huyo ni mimi. Nitawaeleza mambo yalivyokuwa, kisha nitaeleza jinsi ninavyoona tunaweza kujisaidia.

Kwanza, msidhani nilitafuta simu mpya kwa kupenda makuu. Simu yangu ya zamani niliinunua mwaka 2015, na kwa simu ile nimepokea mshahara, nimezika wazazi, nimelipa karo. Kioo kilipasuka, nikakifunga kwa utepe, nikaendelea. Lakini tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kuzihudumia simu za Android za aina ya zamani kama yangu. Simu ni nzima, inapiga na kupokea, lakini WhatsApp haifunguki tena. Nanyi mnajua siku hizi mnyapara hapigi kelele langoni asubuhi. Majina ya watakaofanya kazi kesho anayatuma usiku katika kundi la WhatsApp. Asiyeyaona hajui kama ameitwa, na asipotokea, nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo simu imekuwa kama mwiko na timazi. Ni chombo cha kazi, tofauti ni kwamba chombo hiki tunajinunulia wenyewe.

Nilikuwa na shilingi 4,000 nilizoweka akiba. Nikapanda matatu mpaka Migori mjini.

Ndugu zangu, kama hujaenda kununua simu siku hizi, jiandae. Kila duka lina vijana mlangoni waliovaa fulana za rangi, na kila mmoja anakuvuta mkono. Ukiuliza simu nzuri ni ipi, unaonyeshwa kumi zinazofanana kama mayai, na majina yake ni herufi na namba tu. Ya mwaka jana na ya mwaka huu hutazijua tofauti ila kwa bei. Kijana mmoja alinionyesha boksi lililoandikwa 8 kwa herufi kubwa. Akaniambia, "Mzee wangu, hii ina RAM 8, haitakwama kamwe." Bahati njema alikuwapo fundi wa simu aliyekuja kununua vioo, akanionyesha maandishi madogo chini yake: 4 + 4. Maana yake, RAM ya kweli ni 4, na hizo 4 nyingine zinakopwa kutoka katika nafasi ya kuwekea picha na mambo yako. Ni kama mwenye duka kukuuzia gunia la kilo 90, kisha ukikuta kilo 45 ni za kwako zilizokuwa nyumbani.

Hata ile nafasi ya kuwekea mambo ni hivyo hivyo. Boksi linasema 64, lakini programu za simu yenyewe zimekwisha kukaa humo na kuchukua sehemu kubwa kabla hujaweka picha moja. Ukinunua ya 32 kwa sababu ni rahisi, baada ya miezi michache inakuambia imejaa, nawe unaanza kufuta picha za watoto ili kundi la kazi lifunguke.

Nikatazama na simu zilizotumika, zile zinazoitwa ex-UK. Zinang'aa, na bei yake si mbaya. Lakini nilipouliza betri imechoka kiasi gani, hakuna aliyenijibu. Jirani yangu akanishauri nifike Isebania nivuke hadi Sirari, upande wa Tanzania, akasema huko ni nafuu. Huenda ni kweli. Lakini simu ikiharibika wiki ya pili, utavuka mpaka kumtafuta nani, nawe huna risiti?

Mwishowe nikaona simu iliyonifaa. Bei yake taslimu ilikuwa shilingi 13,500. Nilikuwa na 4,000. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nimepungukiwa na nauli.

Mnishangae, lakini katika bei hiyo na Serikali inakula. Kodi ya VAT ya asilimia 16 ilirudishwa juu ya simu mwaka 2013, baada ya kuondolewa mwaka 2009. Mwaka 2022 ukaongezwa ushuru wa asilimia 10 kwa simu zinazotoka nje. Mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, na zile za kwanza ziliuzwa kuanzia shilingi 7,499. Hilo ni jambo jema. Lakini hata shilingi 7,499 si pesa ya kibarua kutoa mara moja, na ndiyo sababu wenye biashara ya malipo ya kila siku wanatupata.

Wiki iliyofuata nilikwenda Homa Bay kumwona dada yangu. Karibu na soko, kijana mwenye meza na mwavuli akaniita. Juu ya meza yake ilikuwa simu ile ile niliyoiacha Migori. Akasema, "Baba, toa 2,000 tu leo, kisha shilingi 60 kwa siku. Ni bei ya chai na mandazi. Haba na haba hujaza kibaba." Nikamwuliza, "Kijana wangu, jumla yake ni ngapi?" Akajibu, "Usijali mzee, kompyuta itakuonyesha." Nikampa kitambulisho, nikapigwa picha, nikabonyeza mahali aliponionyesha nibonyeze. Maandishi yalikuwa mengi na madogo, tena kwa Kiingereza, na nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni.

Usiku ule nilionyesha simu kwa mama watoto. Yeye hakutazama kamera. Alichukua kalamu ya mtoto. Shilingi 60 kwa siku 365 ni 21,900. Ongeza 2,000, ni 23,900. Simu ya shilingi 13,500! Tofauti ni shilingi 10,400. Mimi nalipwa 600 kwa siku. Kwa hiyo siku kumi na saba na zaidi nitabeba zege kulipia kitu ambacho si simu.

Hata hivyo nilijipa moyo. Niliona ni heri kulipa zaidi kuliko kukosa kazi. Na kwa miezi mitatu mambo yalikwenda sawa.

Ndipo mvua za Aprili zikaja. Nyinyi mnajua mjengo na mvua. Siku nne hakuna kazi, hakuna mshahara, na deni la siku haliulizi kama kumenyesha. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili asubuhi kioo kikafunga. Huwezi kufungua kundi, huwezi kusoma neno, unaonyeshwa namba ya kulipia tu. Nikatoa laini nikaitia katika kabambe ya mama watoto, ili angalau M-Pesa na sauti vibaki. Lakini kabambe haina WhatsApp. Usiku wa nne mnyapara akatuma majina ya watakaomwaga zege siku tatu mfululizo. Jina langu lilikuwamo. Mimi nililala. Nilipofika asubuhi ya pili kuuliza habari, nikakuta mwingine ameshika toroli yangu.

Hesabu yenyewe ni hii. Deni lililonifungia simu lilikuwa shilingi 240. Kazi niliyokosa ilikuwa shilingi 1,800. Chombo nilichonunua ili nisikose kazi ndicho kilichonikosesha kazi.

Msifikiri ni jambo la watu wa mjengo peke yetu. Kule Homa Bay nilizungumza na wavuvi wa omena. Wao huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, omena hawakusanyiki kwenye taa, na mashua hukaa ufukoni. Mvuvi mmoja aliniambia, "Deni letu la simu halijui mbalamwezi." Neno hilo sikulisahau. Mapato yetu sisi vibarua, wavuvi, watu wa boda boda, hayaji kila siku. Lakini malipo haya yanadai kila siku, kana kwamba sote ni makarani wenye mshahara.

Tena tazameni jambo hili. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema makato yote katika mshahara yasizidi theluthi mbili, ili mfanya kazi apeleke kitu nyumbani. Hiyo ni ngao tuliyopewa. Lakini deni la simu halikatwi katika mshahara. Linadaiwa ndani ya mfuko wako, na adhabu yake ni kufungiwa chombo. Ngao yetu haifiki huko.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tufanye nini? Sikuja hapa kulia tu.

Kwanza, kila anayekwenda kununua asitazame bei ya siku. Aulize bei taslimu, kisha jumla ya malipo yote, na aiandikiwe kwenye karatasi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari za kutosha juu ya kitu anachonunua, na haki ya kupata kitu chenye ubora wa kufaa. Mwuzaji asiyetaka kukutajia jumla, mwache na mwavuli wake. Uliza pia: nikikosa siku moja, simu inafungwa lini? Na nikimaliza kulipa, nani ataondoa kufuli?

Pili, ikague simu kabla ya pesa kutoka. Bonyeza *#06#, namba itakayotokea ilingane na ile ya boksi. Tunakumbuka mwisho wa Septemba 2012, wakati simu bandia zilipozimwa nchini kote na watu wakabaki na vipande vya plastiki mikononi. Soma maandishi madogo ya RAM. Piga simu, sikiliza sauti, jaribu chaji. Chukua risiti yenye jina la duka, na uulize dhamana ni ya miezi mingapi. Usinunue 5G kwa bei ya juu kabla ya kujua kama inafika unakokaa.

Tatu, naomba Kamati yetu imwendee mwajiri. Ikiwa mwito wa kazi unatoka kwa WhatsApp, basi na utoke pia kwa ujumbe wa kawaida unaofika kwenye kabambe, au karatasi ibandikwe langoni jioni. Hilo halimgharimu mwajiri kitu cha maana. Na ikiwa anataka kila mtu awe na simu ya namna fulani, basi asaidie kuinunua. Hatujaambiwa kibarua alete mchanga na saruji kutoka kwake.

Nne, na hili ndilo kubwa. Tuungane watu kumi. Kila mmoja atoe shilingi 1,350 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 45 kwa siku, pungufu ya zile 60 nilizokuwa nikilipa mimi. Kila mwezi inapatikana 13,500, na mtu mmoja ananunua simu taslimu, yake kabisa, haina kufuli. Baada ya miezi kumi wote kumi wana simu, na hakuna aliyelipa hata senti moja zaidi ya bei.

Ndugu mmoja hapa ameniuliza kabla ya mkutano, "Je, aliyepata kwanza akikimbia?" Ni swali la haki. Ndiyo maana nasema fedha zipitie tawini, majina yaandikwe, na Katibu awe shahidi. Akauliza tena, "Na mvua ikinyesha?" Mvua ikinyesha, watu kumi wanakaa na kuzungumza, wanampa mwenzao wiki mbili. Kompyuta ya yule kijana haikunipa hata siku mbili. Na wa kumi je, atangoje miezi yote? Ndiyo, atangoja, wala sitawadanganya kuwa ni rahisi. Kwa hiyo tupige kura ya zamu, na wale ambao simu zao zimekwisha kabisa watangulizwe. Wakati anangoja, aliye na simu amsomee mwenzake majina ya usiku. Mimi kama ningepata mtu mmoja tu wa kunisomea usiku ule, ningemwaga zege.

Yule kijana wa Homa Bay alinipigia methali, akasema haba na haba hujaza kibaba. Methali ni ya kweli, wazee hawakukosea. Lakini yatupasa kuuliza, kibaba cha nani? Kwa miezi mitatu haba yangu ilijaza kibaba cha mtu nisiyemjua. Sasa nataka ijaze chetu.

Mimi deni langu bado nalilipa, na nitalimaliza. Lakini jina langu liandikeni la kwanza katika orodha ya watu kumi, na zamu yangu iwe ya mwisho. Nafasi tisa zimebaki. Katibu ana kalamu.