Hatia na Hakika

Mazungumzo ya redio
Masomo: Yohana 16:5–11 na Waebrania 11:1

 

Leo tutaanza na neno moja la Kiingereza, nalo ni "conviction". Kama hukusoma Kiingereza usiwe na wasiwasi, maana jambo lenyewe walijua. Neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni ya mahakamani. Mtu ameshtakiwa, mashahidi wamesikizwa, na hakimu ameona kwamba ana hatia. Waingereza husema mtu huyo amepata "conviction". Maana ya pili ni ya moyoni. Mtu amesadiki jambo kwa nguvu hata hakuna awezaye kumtikisa. Huyo naye husemwa kwamba ana "conviction". Basi neno lile lile ni aibu kwa mmoja na sifa kwa mwingine.

Je, imekuwaje? Neno hilo lilitoka katika Kilatini, na asili yake ni kushinda kabisa. Mshtakiwa alikana, lakini ushahidi ukamshinda. Hata sisi twasema fulani ameshindwa kesi. Anayesadiki naye pengine alibisha siku nyingi, mpaka ukweli ukamshinda, akakosa la kujibu. Wote wawili wameshindwa na ushahidi.

Lugha nyingine huyatenga mambo haya. Tuchukue Kithai, lugha ya nchi ya Thailand, ambako watu walio wengi hufuata dini ya Buddha. Huko, kusadiki kwa nguvu ni "chuea man", yaani kuamini kulikosimama imara. Lakini kosa ni "phit". Ukipotea njia, hiyo ni "phit". Ukikosea jibu la hesabu, ni "phit". Na hakimu akikutia hatiani, ameamua kwamba wewe ni "phit". Tena kuna neno la tatu, "samnuek phit", nalo ni mtu kutambua mwenyewe, ndani ya moyo wake, kwamba amekosa. Kwa hiyo Mthai anayefasiri lile neno la Kiingereza hana budi kuuliza kwanza: Je, wasema habari ya hakimu, ya dhamiri, au ya imani?

Swali hilo ni jema, nasi tujiulize. Maana yawezekana mtu kuwa na moja ya hayo matatu bila kuwa na mengine.

Hebu tusikie habari ya watu wa Chiang Mai, mji ulioko kaskazini ya nchi hiyo, ambayo zamani iliitwa Siam. Mwaka 1867 mmisionari Mmarekani, Daniel McGilvary, alifika kukaa huko pamoja na jamaa yake. Mmoja wa waliokuja kuzungumza naye aliitwa Nan Inta. Neno "Nan" lilikuwa jina la heshima kwa mtu aliyewahi kuwa mtawa wa Buddha. Nan Inta aliyajua mafundisho ya dini yake vizuri, wala hakuwa mtu wa kudanganyika upesi. Basi mwaka 1868 McGilvary alimwambia mapema kwamba jua litapatwa. Wazee walifundisha kwamba jua likipatwa, ni jitu liitwalo Rahu limelimeza. Lakini siku ile iliyotajwa, tarehe 18 Agosti 1868, jua likapatwa kama alivyoambiwa. Nan Inta akashindwa na ushahidi. Aliona kwamba mafundisho aliyoyategemea yalikuwa na kosa, akaanza kuyachunguza upya pamoja na Neno la Kristo. Mwezi wa Januari 1869 akabatizwa, wa kwanza katika mji ule.

Wengine wakafuata. Kati yao walikuwako Noi Sunya na Nan Chai. Mtawala wa Chiang Mai, Kawilorot, alipoona hayo alikasirika. Mwezi wa Septemba 1869 watu hao wawili wakakamatwa. Wakafungwa, wakateswa usiku kucha, na kulipokucha wakauawa. Hawakuwa wamemaliza hata mwaka mmoja tangu kubatizwa.

Wasikilizaji, kosa lao lilikuwa nini? Mjumbe wa serikali alipotoka Bangkok kulichunguza jambo hilo, mtawala alisema kwanza kwamba waliuawa kwa sababu walishindwa kutimiza kazi ya serikali. McGilvary akasimama mbele yake na kusema kwamba hiyo si kweli. Hapo mtawala akawaka hasira, akakiri: ndiyo, waliuawa kwa sababu ya kuwa Wakristo, kwa maana kuiacha dini ya nchi ni kumwasi yeye.

Tazama basi jinsi zile maana mbili zilivyokutana. Mbele ya mtawala, Noi Sunya na Nan Chai walikuwa "phit", watu wenye hatia. Ndani ya mioyo yao walikuwa na "chuea man", imani isiyotikisika. Walitiwa hatiani kwa ajili ya hakika yao. Kawilorot alifariki mwaka 1870, na mwaka 1878 ikatolewa amri ya kuwapa watu wa kaskazini uhuru wa kufuata dini waipendayo. Hata leo makanisa yako Chiang Mai.

Lakini hakika ya namna hiyo hutoka wapi? Turudi kwenye somo letu. Bwana Yesu, usiku ule kabla ya kusulibiwa, aliwaambia wanafunzi kwamba Roho atakuja, naye atafanya kazi juu ya ulimwengu kwa habari ya dhambi, haki na hukumu. Wafasiri wa Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 walilitumia hapo neno "kuhakikisha". Fungua sasa Waebrania 11:1, mahali panapoeleza imani ni nini. Utalikuta neno "hakika", na karibu yake neno "bayana". Katika Kiyunani, lile neno lililofasiriwa "kuhakikisha" katika Yohana, na hili lililofasiriwa "bayana" katika Waebrania, ni la shina moja. Roho yule yule anayeniwekea dhambi yangu mbele ya macho bila kuificha, ndiye aniwekaye imara katika yale nisiyoyaona kwa macho.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hakika ya imani haianzi kwa mtu kujipa moyo. Huanza kwa mtu kushindwa kesi. Roho huleta ushahidi, nawe unanyamaza. Daudi alimsikiliza nabii Nathani akisimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, akakasirika, akatoa hukumu kali. Kumbe alikuwa anajihukumu mwenyewe. Nabii alipomwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye, mfalme hakutafuta wakili. Alikiri.

Mwingine ni Feliki, katika Matendo 24. Yeye ndiye aliyeketi kitini pa hukumu, na Paulo ndiye mfungwa. Lakini Paulo aliponena habari ya haki, kiasi, na hukumu itakayokuja, aliyeogopa ni hakimu. Feliki alitambua. Alikuwa na ile "samnuek phit". Lakini alimwambia Paulo aende zake mpaka atakapopata nafasi. Alimwita mara nyingi baadaye, huku akitumaini kupewa fedha, lakini hatusomi popote kwamba alitubu. Alishtuka, kisha akaahirisha kesi yake mwenyewe.

Sasa nakuuliza wewe unayesikiliza. Yawezekana uko kama Feliki. Kuna jambo ulilotenda, nalo linakuamsha usiku. Mali ya marehemu ndugu yako uliyowadhulumu watoto wake. Fedha za chama ulizozila na kuandika hesabu nyingine. Unajuta kweli, tena unajuta kila wakati mahubiri yanapogusa jambo hilo. Lakini majuto si toba. Wakristo wa Thailand huita toba "klap chai", maana yake kugeuza moyo. Aliyepotea njia hafiki nyumbani kwa kusikitika kando ya barabara. Sharti ageuke na kutembea. Geuka leo. Warudishie watoto haki yao. Nenda kwa wenzako wa chama ukaseme kweli.

Au yawezekana uko upande mwingine. Umehukumiwa na watu kwa jambo usilolitenda. Jamaa wamekutenga kwa kuwa ulikataa kushiriki jambo lisilompendeza Bwana, au umepoteza kazi kwa kuwa hukukubali kutia sahihi uongo. Jina lako limeharibiwa. Kumbuka wale wawili wa Chiang Mai. Hukumu ya mtawala haikuweza kuifikia hakika yao, kwa sababu walikuwa wamekwisha simama mbele ya Hakimu aliye mkuu kuliko yeye, wakasamehewa. Paulo awaambia Warumi, katika sura ya 8, kwamba walio katika Kristo Yesu hawana tena hukumu juu yao. Mwenye kuisikia sauti hiyo aweza kustahimili sauti nyingine zote.

Tena yawezekana unasema, "Mimi nina imani imara," na kumbe hujapata hata siku moja kushindwa mbele za Mungu. Umelelewa kanisani, unazijua nyimbo, unashika nafasi ya mbele. Nakusihi kwa upendo, mwombe Roho akuhakikishe. Imani ambayo haikupita katika hatia ni rahisi kuvunjika siku ya kwanza itakapodai gharama.

Msiogope kushindwa na Mungu. Hakimu wa dunia akikuona na hatia, hukupeleka kifungoni. Mungu akikuhakikishia dhambi yako, ni kwa sababu amekwisha kuandaa msamaha, na Mwanawe amekwisha kuichukua adhabu.

Tuombe. Ee Baba wa rehema, twakushukuru kwa Roho wako asemaye kweli hata tunapochukia kuisikia. Tuonyeshe dhambi zetu, usituache tukiahirisha. Uwape nguvu wanaosingiziwa, na wale wanaoteswa kwa ajili ya jina lako mahali popote duniani. Utugeuze mioyo, na kutupa hakika isiyotikisika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.