Somo la Saba: Chumba cha Biashara na Bima

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mpangaji, bima, fidia.

Tuseme mama mmoja huteremsha tangawizi kutoka Mamba Miamba. Amepanga chumba mjini Same, karibu na barabara kuu. Humo mna magunia, mzani na makabati. Usiku moto unashika chumba cha jirani, unaingia kwake. Asubuhi mwenye nyumba anasema, “Nashukuru, nyumba yangu ina bima.” Je, mama atalipwa tangawizi yake?

La, hatalipwa. Bima ile ni ya kuta na paa, na fidia ni ya mwenye nyumba. Mali ya mpangaji hulindwa na bima aliyoikata mpangaji mwenyewe.

Tena liko jambo jingine. Moto ukianza kwa uzembe wa mpangaji, aweza kudaiwa hasara ya jengo zima. Hata kampuni ya bima, ikiisha kumlipa mwenye nyumba, yaweza kumgeukia mpangaji. Basi aulize pia habari za bima ya dhima, yaani bima ya madai ya watu wengine.

Msidhani haya ni maneno matupu. Mwezi Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanya biashara wakapoteza mali nyingi. Mwaka 2022 sheria ya bima ilirekebishwa, ikataka masoko ya umma na majengo ya biashara yakatiwe bima.

Hati ya bima isomwe yote. Novemba 2009 mvua iliporomosha udongo katika milima ya Same, watu wakafa. Je, hati yako inataja maporomoko, mafuriko na wizi, au moto tu? Hatari isiyokuwamo katika hati hailipwi.

Sasa hesabu. Mali ni ya shilingi 4,000,000. Mwenyewe, ili apunguze ada, anasema ni ya 2,000,000. Moto unateketeza mali ya 2,000,000. Kwa kawaida ya mikataba mingi atalipwa 1,000,000 tu, kwa kuwa alikata bima ya nusu. Aliyepunguza thamani amejipunguzia fidia.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wa kupanga, fanyeni haya:

1. Ulizeni nani akata bima ya jengo, na nani atengeneza nyaya za umeme. Jibu liandikwe.
2. Hakikisheni kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Daini risiti.
3. Andikeni orodha ya mali. Nakala ikae nyumbani, si dukani, isije ikaungua pamoja na mali.
4. Hasara ikitokea, pelekeni habari polisi na kwa kampuni upesi.

Maswali ya darasa: Bima ya mwenye nyumba yalinda nini? Mali ya 6,000,000 iliyokatiwa bima ya 3,000,000 ikiungua nusu, fidia ni kiasi gani?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji.